Alama ya Mkasi

Handsworth, Birmingham
Aprili 19

Kaka Azizi,

Assalaam aleikum. Vipi Bibi na goti lake? Vipi Shangazi, vipi wewe mwenyewe? Huku wazima. Mama anarudi kazini mgongo kaushika kwa mkono, lakini ukimuuliza anakwambia "nipo". Mimi nipo pia. Mitihani inaanza mwezi ujao, na mpaka leo nikiitwa jina darasani shingo yote inapata moto.

Uliniambia niandike kwa kalamu halafu nikupigie picha karatasi, nisikutumie vimaneno vya simu, eti Kiswahili changu kisije kuota kutu. Haya. Na afadhali, maana tukipiga simu Mama anaweka spika, na mimi mbele ya spika sina neno zaidi ya "salama".

Nina habari na si nzuri. Bibi usimsomee mpaka uimalize mwenyewe.

Jana tulikwenda kwa Pallavi, yule dada wa ofisi ya mbunge anayelishughulikia ombi lako. Unakumbuka alivyotueleza: walikunyima viza kwa sababu cheti cha kifo cha Baba kimeandikwa Mkubwa Haji, na cheti chako cha kuzaliwa kimeandikwa Mkubwa Haji Makame. Wakaona hao ni watu wawili, mmoja kafa, mwengine yuko hai mahali na anaweza kukulea. Pallavi kawaandikia na kuwaandikia mpaka wamefahamu. Sasa afisa wao mkubwa amekubali kulipitia ombi upya, anachotaka ni barua moja tu yenye saini ya mbunge mwenyewe. Sisi jana tulikwenda kuifuata hiyo saini. Mama alivaa lile baibui la harusi ya Shangazi.

Pallavi akatutengenezea chai. Hapo hapo nikajua kuna jambo, maana hajawahi.

Akasema uchaguzi umetangazwa na Bunge limevunjwa juzi. Barua ya afisa imefika jana asubuhi. Na Bunge likishavunjwa, nchi haina wabunge. Yule tunayemwita Mama Mbunge, mwenye koti la mvua la manjano, kuanzia juzi ni mtu tu kama mimi na wewe. Saini yake ni wino.

Nikamtafsiria Mama. Mama akauliza, "Sasa mpaka lini?" Pallavi akasema mpaka uchaguzi. Akishinda, saini ni kazi ya Jumatatu ya mwanzo. Asiposhinda, ofisi inafungwa, na mafaili ya watu yanachanwa kwa mashine. Ndiyo sheria, siri za watu hazirithishwi kwa mbunge mpya. Tutaanza moja kwa mgeni, na yeye mgeni atakaa miezi bado anatafuta ofisi na viti.

Na wewe Septemba unatimiza kumi na minane. Baada ya hapo si mtoto tena. Mtoto mama yake anaweza kumleta. Mwanamume mzima, hapana.

"Muulize," Mama akasema, "huwa anashinda?"

"Siku zote," Pallavi akasema. Lakini alikuwa anatazama dirishani, na ng'ambo ya barabara wamebandika bango jipya, kubwa, lina picha ya kufuli.

Mdogo wako,
Maisara xx


Jang'ombe, Unguja
Aprili 26

Maisara, mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Bibi goti limetulia, ulimi haujatulia. Shangazi mzima, anakusalimu, anauliza kama huko umenenepa. Mimi mzima, nasubiri tu. Kusubiri nako ni kazi, ila haina mshahara.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Lakini sikiliza. Huyo mama kashinda siku zote, na mtu kama huyo hashindwi mwaka ambao mimi namhitaji. Mungu hana utani wa namna hiyo. Nafasi yangu ya kidato cha tano nimeshairudisha, nimemwambia mwalimu mkuu uso kwa uso kwamba naondoka. Akanishika mkono mbele ya walimu wote. Kwa hiyo naondoka, basi. Bibi kanifungia sanduku tokea Ramadhani. Kila siku analifungua anaongeza kitu. Juzi kaongeza mbuzi ya kukunia nazi. Nimemwambia, Bibi, Birmingham hakuna minazi. Akasema, "Kwa hiyo na watu wa huko hawali?"

Nieleze hivyo vyama. Huku chama ni kama ukoo, mtu anazaliwa nacho anazikwa nacho. Huko naona watu wanahama kama wanabadilisha shati.

Halafu swali moja zito. Chini ya jina lako umenipigia mikasi miwili. Nimekosa nini, mwalimu? Barua nzima nimeipekua kutafuta makosa yangu, na barua yenyewe ni yako!

Kaka yako,
Azizi


Handsworth
Mei 12

Kaka Azizi,

Nakusalimu mpaka unyayoni. Bibi mpe busu la kila goti. Huku kuna jua, watu wamevua makoti yote siku moja kama waliokubaliana. Mama mzima. Mimi nimeshafanya mtihani wa mwanzo, wa Kiingereza. Wa kuandika huwa naufanya vizuri, ni ule wa kusema ndio ulionishinda. Mwalimu alinirudisha mara tatu: "Louder, Maisara." Sauti zaidi, Maisara. Kaburini wataniandika hivyo.

Ile si mikasi, mshamba wewe! Huku X chini ya barua ni busu. Watoto wote darasani wanaandika hivyo, hata kwa walimu kwa bahati mbaya. Mwanzo na mimi nilishangaa, msichana mmoja aliniandikia kadi ina X tano nikajua kanichukia.

Vyama ni hivi. Kuna wekundu, ndio wa Mama Mbunge, na ndio waliokuwa wanatawala. Kuna wabluu, wa zamani, wamechoka. Na kuna hawa wapya, sisi tunawaita watu wa kufuli kwa sababu ya lile bango lao. Wao wanasema nchi imejaa, mlango ufungwe. Zamani watu walikuwa wanawacheka, mwaka huu hawachekwi. Halafu Soho Road hapa katokea daktari wa meno, anagombea peke yake bila chama. Alikuwa mwekundu akagombana nao. Watu wanampenda, kawang'oa meno wote. Jaspreet wa duka la mboga anasema kila kura atakayopata daktari inatoka mfukoni mwa Mama Mbunge, halafu mtu wa kufuli atapita katikati kama paka kwenye mlango ulio wazi kidogo.

Lakini sisi tuna watu wetu. Mama Mtanzania, nchi ya Jumuiya ya Madola, na ana kibali cha kuishi, kwa hivyo anaruhusiwa kupiga kura. Hata mimi nilikuwa sijui. Na si yeye tu. Bi Mwanakhamis, yule muuza vitambaa anayetuita watoto wake, kawakusanya wanawake wote wa Kiswahili kwake Jumamosi. Chumba kilijaa mpaka ngazini, Wazanzibari, Watanga, Wakenya. Wote wamekubali kumpigia Mama Mbunge kwa ajili yako. Wengine hawajakuona hata picha, wanakuita "yule mtoto".

Bi Mwanakhamis akaniita katikati. "Haya, msomi wetu. Hawa wengi ni mara yao ya mwanzo. Waeleze huko ndani mtu anafanya nini."

Nikasema, nikiliambia zulia, "Mnapewa karatasi ina majina. Kila jina lina kisanduku. Mnaweka alama ya mkasi."

"Anasemaje? Sema kwa sauti, hakuna aliyekuja kukuposa!"

"Mkasi," nikasema.

"Mkasi ni nini?" Huyo Batula, Msomali wa Garissa, kaishi Uholanzi, sasa anaendesha basi la wanafunzi. "Ni ile X ya mwalimu? Ile alikuwa ananichorea kwa daftari kila siku?"

"Ndiyo."

Bi Mwanakhamis akapiga paja. "Alaa! Nimefahamu. Huku wanakata. Kwetu unamtia vema unayemtaka, huku unamkata usiyemtaka!"

"Na unakata na nini?" Batula akauliza.

"Penseli," nikasema.

"Penseli! Wacha wewe! Si mtu atakuja na raba afute, aweke yake?"

Basi hapo chumba kizima kikahamia kwenye penseli. Mmoja anasema atakwenda na kalamu yake ya wino, mmoja anasema ataisukuma penseli mpaka itoboe meza. Nilicheka mpaka machozi, kimya kimya. Bi Mwanakhamis anajua kutania, ungependa kumsikia.

Mdogo wako,
Maisara xx (MABUSU)


Jang'ombe
Mei 17

Maisara,

Salamu zako zimefika, na mabusu nimempelekea Bibi, kayapokea kwa magoti yote mawili. Sote wazima.

Naandika haraka, umeme unakatika. Bibi anamuombea dua Mama Mbunge kila baada ya sala. Jina lake halimkai mdomoni, kwa hivyo anasema, "Ya Rabbi, yule wa koti la manjano." Nimemwambia Mungu atachanganyikiwa. Akasema Mungu anawajua watu kwa nguo zao, ndiye anayewavisha.

Na wewe nina neno. Tokea madrasa unajua aya unainong'ona, na anayesifiwa ni aliyekaa karibu yako akaisema kwa sauti. Hao wanawake wanakutegemea. Kwa ajili yangu, mara moja tu, sema kwa sauti. Nikifika nitakusemea mimi maisha yako yote yaliyobaki, ukitaka.

Kaka yako,
Azizi

(Nimejaribu kuweka busu hapa nikalifuta. Mkono unakataa, naona najipa kosa.)


Handsworth
Juni 6

Kaka Azizi,

Assalaam aleikum. Natumai nyote wazima. Sisi wazima.

Ameshindwa.

Walihesabu, wakahesabu tena. Aliyeshinda ni mtu wa kufuli. Kampita Mama Mbunge kwa kura ambazo wenyewe wangeenea ghorofa ya juu ya basi la 74, na wengine wangepata siti za peke yao. Daktari wa meno wa tatu. Jaspreet alisema.

Na si hapa tu. Wekundu wameanguka nchi nzima, wabluu hawaonekani, watu wa kufuli ndio wengi bungeni, ingawa hawakufika nusu na sasa wanatafuta wa kuungana nao. Kwenye televisheni ramani ilikuwa inabadilika rangi kipande kipande, na Mama anauliza, "Sisi wapi? Sisi wapi hapo?" Nikamuonyesha. Ni kidoa tu.

Mama amekwenda kazini. Hakulia. Kaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Samahani.

Mdogo wako,
Maisara


Jang'ombe
Juni 11

Maisara, mdogo wangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta umekula. Mama anasema huli. Sisi wazima, alhamdulillahi, hata mimi.

Kwanza, usiniombe samahani. Wewe si mpiga kura, huna hata umri. Mmefanya mlichoweza. Siasa ni siasa, mti ukianguka hauchagui kuku wa nani yuko chini. Tutatafuta njia nyengine. Septemba bado, Pallavi atatushauri, hata kama ofisi imefungwa mtu hafungwi.

Jana Mama alinipigia, alikuwa ananituliza mimi na mimi namtuliza yeye, tukawa kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Akaniambia, "Mwanangu, Mungu shahidi, mimi wajibu wangu nimetimiza. Nimewakata wote, mmoja mmoja, nimemwacha yeye peke yake, msafi, hana hata doa."

Nikacheka kidogo, ndio maneno yake Mama. Halafu nilipolala likanirudia. Maisara, huko kwenu kweli watu wanapiga kura kwa kukata? Nimemuuliza mwalimu wangu wa uraia, anasema haiwezekani, X huko ndiyo vema yao. Hebu nifahamishe. Labda Mama kanieleza vibaya.

Kaka yako,
Azizi


Handsworth
Julai 2

Kaka Azizi,

Assalaam aleikum. Bibi hajambo? Nauliza mwanzo kwa sababu baada ya hapa huenda usitake kunijibu.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Nilimwambia Mama ni mitihani. Mitihani iliisha zamani.

Mama hakukueleza vibaya.

Mwalimu wako kasema kweli. X ni ya yule unayemtaka, na iwe moja tu. Ukiwakata wengine ukamwacha wako, karatasi inakuwa na alama nyingi, inatupwa. Haihesabiwi kwa mtu yeyote. Mama kaenda na kitambulisho chake, kapanga foleni kwenye ukumbi wa skuli, kashika penseli, na kura yake ikatupwa. Kakosa saini yako kwa mkono wake mwenyewe na hajui. Nakuomba asijue. Nakuomba hili kuliko yote.

Bi Mwanakhamis hakuwa anatania ile Jumamosi. Nilikwambia anatania. Nilijiambia hivyo. Nilipomsikia anasema "huku wanakata" nilifungua mdomo, wallahi niliufungua, sentensi ninayo yote: hapana Bi Mwanakhamis, mkasi huku ndiyo vema. Maneno machache tu. Lakini yeye ni mtu mzima, ndani kwake, mbele ya wageni wake, na mimi nani nimwambie hapana? Halafu Batula akaingiza penseli na wote wakacheka, na mimi nikaona, haya, karatasi yenyewe itawaeleza, imeandikwa kwa juu. Imeandikwa Kiingereza, Azizi. Niliona hilo pia. Nikanyamaza.

Hilo ungenisamehe labda, ndiyo maana nimelitanguliza.

Siku yenyewe ya kura nilitoka mtihani wa hesabu saa tisa nikapita kwa Bi Mwanakhamis. Wameshapiga kura wengi, wamerudi, wanakunywa chai ya tangawizi. Chumba kama harusi. Nikapewa sinia la visheti nizungushe. Nasikia huyu anasema, "Mimi yule wa kufuli nimemkata mara mbili!" Mwengine, "Daktari nimemkata kwa huruma, jino langu bado liko mkononi mwake." Na Mama, kakaa chini kwenye mto, kavua viatu, anasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu uwanja wa ndege tulipokuacha, "Nimewakata wote, yeye nimemwacha msafi."

Nikasahau kulizungusha sinia. Batula akaniona. "We msichana, kwani umeona jini?"

Kila mtu akanigeukia. Chumba kizima kimenyamaza kunisikiliza mimi. Mara ya kwanza katika maisha yangu, Azizi, watu wote kimya wananisubiri niseme.

Nikasema, "Hapana. Joto."

Vituo vilikuwa wazi mpaka saa nne usiku. Nusu ya wanawake walikuwa hawajakwenda, waliokuwa kazini, wakwe wa Bi Mwanakhamis, majirani, wale wauguzi wa Kikenya anaokuja nao mwenzao Achieng baada ya zamu. Ningesema pale, hao wangepona. Lakini kusema ni kumwambia Mama, mbele ya watu, kwamba amemkata mwanawe. Alikuwa anacheka. Sikuweza kumchukulia kile kicheko. Nikaona bora kikae japo mpaka jioni. Na Bi Mwanakhamis kasimama mlangoni anawapokea wanaotoka kazini, anawageuza waende kituoni, na kila mmoja anamwambia sikioni, "Kateni wote, mwacheni wa manjano." Mimi nimesimama nyuma yake na sinia.

Baraza la mji linatangaza kwenye mtandao wake kura zilizokataliwa na sababu zake. Nilizitafuta. Zilizowekwa alama kwa zaidi ya mgombea mmoja, wenyewe wangejaza mabasi mawili kama lile la 74. Sisemi zote ni zetu. Sisemi pia si zetu.

Uliniambia niseme kwa sauti mara moja tu.

Mdogo wako,
Maisara


Handsworth
Agosti 3

Kaka Azizi,

Assalaam aleikum. Sijui kama barua yangu ilisomeka, picha ilikuwa na giza upande mmoja. Naona alama mbili za bluu, kwa hivyo umeifungua.

Kwenye simu unamuuliza Mama mgongo, unamuuliza baridi, juzi ulimuuliza mpaka Batula. Mimi niko hapo kando ya spika. Mama anasema, "Maisara huyu hapa," na wewe mtandao unakatika.

Hujamwambia. Najua, maana bado anawasimulia watu alivyowakata wote. Ahsante.

Maisara


Handsworth
Septemba 15

Kaka Azizi,

Assalaam aleikum. Jana ilikuwa siku yako. Mama kapika pilau, kaweka sahani yako, halafu kaiondoa kabla hatujakaa, akasema meza ni ndogo.

Nikueleze yaliyobaki, ni haki yako. Tulikwenda kwa mbunge mpya. Ofisi yake kaipata mwezi uliopita. Kijana wa pale alikuwa mpole, nilitaka awe mbaya lakini alikuwa mpole. Aliuliza tarehe yako ya kuzaliwa, akahesabu kwa macho, akasema wakishaandika wao na kujibiwa utakuwa umeshapita umri, na ukipita umri ombi ni la mtu mzima, na kwa mtu mzima sheria hii haina mlango. Kasema "no door", Mama akalielewa hilo bila mimi.

Pallavi sasa anafanya kazi duka la miwani. Tulikutana naye kituo cha basi. Faili lako lilichanwa kama la kila mtu, lakini alichomoa kitu kimoja kabla, akanipa. Picha yako ya pasipoti, yenye kola iliyokaa upande. Alisema, "Walikuwa wameshakubali, unajua. Ilikuwa saini tu." Kisha basi lake likaja.

Matokeo ya mtihani yametoka. Kiingereza cha kuandika nimepata daraja la juu kabisa. Mwalimu kanipongeza mbele ya darasa, nikatamani sakafu inimeze, na si kwa haya.

Bi Mwanakhamis ananiita msomi wetu mpaka leo. Akiniita naitika.

Sitaki maneno, Azizi. Najua maneno ni mengi au hayapo. Nakuomba alama moja tu, kwenye karatasi tupu. Ukiwa umenisamehe, nitie vema. Ukiwa bado, nipige mkasi, nitajua. Chochote. Hiki cha kunyamaza nakijua vizuri, ni changu, na sijui ulikipata wapi wewe.

Mdogo wako,
Maisara


Jang'ombe
Novemba 22

Maisara,

Waaleikum salaam. Sisi wazima. Bibi goti limeanza tena na mvua za vuli.

Skuli ile nafasi yangu kapewa mtu, mwaka ujao pia hawana. Nauza vipuri vya pikipiki Darajani, kwa Mjomba. Si vibaya. Sanduku Bibi alilifungua mwezi wa tisa, nguo akazirudisha kabatini, mbuzi akairudisha jikoni. Sanduku lenyewe halikufungwa tena, na paka kazalia ndani. Mama usimwambie hilo.

Nimejiandikisha kupiga kura, nimeshakuwa mtu mzima. Karani kaniuliza kama ni mara yangu ya mwanzo na kama najua kuweka alama. Nikamwambia najua, nina ndugu alinifundisha.

Mama hatajua kutoka kwangu. Hilo lala nalo.

Usiniandikie tena habari za kuja. Andika nyengine ukitaka, sijui kama nitajibu.

Uliomba alama. Nimejaribu vema mara nyingi, karatasi hii ni ya nne. Mkono bado haujakubali. Nimeweka ile nyengine, ya kwenu huko, uliyokuwa unanipigia chini ya jina lako.

Kaka yako,
Azizi

X